Maneno ya Kiingereza juu ya mifuko na makopo

Katika masoko yetu ya Likasi, mifuko na makopo mengi hutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, ao Afrika Kusini, na maandishi yake ni ya Kiingereza. Shuleni sisi tulifundishwa Kifaransa. Juma hili tuangalie maneno yanayokaribiana lakini hayasemi jambo moja.

«Flour» na «mealie meal». Yote mawili sisi tunaita unga. Lakini kwa Wazambia, «flour» ni unga wa ngano, wa mikate na beignets. «Mealie meal» ni unga wa mahindi, wa bukari yetu.

«Breakfast» na «roller». Tumezoea kwamba «breakfast» ni chakula cha asubuhi. Juu ya mfuko ni jina la unga wa mahindi mweupe, laini, uliokobolewa sana. «Roller» umebaki na pumba zaidi, na kwa kawaida bei yake ni ya chini. Si unga mbaya: pumba na kiini cha mbegu vina vitamini. Ila usilipe bei ya «breakfast» ukapewa «roller».

«Best before» na «use by». Yote mawili yanafuatwa na tarehe. «Best before» inasema mpaka siku ile chakula kina uzuri wake wote. Kisha ladha inaweza kupunguka, lakini kama kimefungwa na kutunzwa vizuri, si lazima kitupwe. «Use by» ni siku ya mwisho. Ikipita, msile, hata kama hakinuki. Juu ya dawa mtaona «EXP»: tarehe hiyo ikipita, mtu asipewe dawa hiyo.

«Milk powder» na «infant formula». Hapa ndipo tuangalie sana. «Milk powder» ni maziwa ya unga ya jamaa. Hayawezi kuwa chakula cha mtoto mchanga mahali pa titi. «Infant formula» ndiyo iliyotengenezwa kwa mtoto mchanga. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri titi la mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Mama asiyeweza kunyonyesha aulize kwanza kwenye kituo cha afya, asichague kopo kwa kutazama picha.

Vikundi vinavyonunua pamoja, mchague mama mmoja asome mfuko mbele ya makuta kutoka mkononi. Na mama aliyeelewa amwonyeshe jirani yake.