Ugonjwa wa Sukari si Mmoja



Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado muuguzi kijana katika kituo kimoja cha afya huko vijijini, nilimfundisha mama mmoja namna ya kumtunza binti yake mwenye ugonjwa wa sukari. Binti alikuwa na miaka 11. Nilimweleza mama yale yale tuliyowaeleza wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi asubuhi ile, wengi wao watu wazima wanene wenye presha: aache soda, aache chai ya sukari, apunguze wali na ugali, na sukari itashuka. Nilimwonyesha pia jinsi ya kuchoma sindano ya insulini.

Mama yule alikuwa msikivu. Sukari aliiondoa nyumbani kabisa. Baada ya wiki kadhaa mtoto akapata homa, akashindwa kula, na mama akajiuliza swali la mtu mwenye akili zake: ikiwa mtoto hatii kitu mdomoni, sindano ya kushusha sukari ni ya nini? Akaiacha. Siku ya tatu walimleta akihema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima mbio, ulimi umekauka, pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hatukumwahi.

Mama hakukosea kufikiri. Alifikiri vizuri kutokana na maneno niliyompa mimi, na maneno hayo yalikuwa mabovu. Tangu siku ile nina ugomvi na hilo jina letu moja, "sukari", tunalowabandika watu wenye magonjwa mawili tofauti. Niruhusuni nieleze tofauti yake kwa jinsi ninavyowaeleza wagonjwa wangu siku hizi.

Mwili umejengwa kwa chembe hai nyingi mno, nazo zinaishi kama nyumba za kijijini: huingii tu, unapiga hodi. Nje ya kila chembe kuna vitu vidogo vinavyosikiliza hodi hizo. Wataalamu huviita vipokezi. Habari hii si mpya. Mwaka 1905 John Newport Langley, mtaalamu wa Cambridge nchini Uingereza, aliandika kwamba lazima katika chembe kuwe na kitu kinachoipokea dawa, na Paul Ehrlich wa Ujerumani naye alikuwa akifikiri kwa njia hiyo kuhusu kinga ya mwili. Lakini ilichukua miaka mingi kuthibitisha. Kipokezi cha insulini kilionyeshwa na watafiti wa Marekani mwaka 1971 tu, yaani nusu karne baada ya insulini yenyewe kugunduliwa kule Toronto, Kanada, mwaka 1921.

Insulini hutengenezwa na kongosho. Ikifika kwenye chembe ya msuli haiingii ndani. Hupiga hodi mlangoni, kipokezi kinaitika na kupeleka habari ndani, na ndipo milango ya sukari inapofunguliwa. Kwenye ini hodi hiyo hiyo ina maana nyingine: inaliambia ini liache kumwaga sukari kwenye damu. Hapa ndipo penye jibu la swali la yule mama, jibu ambalo sikumpa. Mtu asiye na insulini, hata asipokula kabisa, ini lake linaendelea kumwaga sukari kwa sababu hakuna wa kuliambia basi. Wakati huo chembe zina njaa katikati ya shibe, mwili unaanza kuchoma mafuta yake kwa fujo, na asidi inayotokana nayo inaitia damu sumu. Ile harufu ya matunda ndiyo hiyo.

Mtoto yule basi alikuwa hana mpiga hodi. Kinga ya mwili wake ilikuwa imeharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Askari wa kinga nao wana vipokezi, ndivyo wanavyomtambua adui, na mara nyingine wanamkosea mwenye nyumba wakimdhania mwizi. Mwaka 2025 tuzo ya Nobel ya tiba ilitolewa kwa Shimon Sakaguchi wa Japani pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani kwa kueleza jinsi mwili unavyowazuia askari hao wasigeuke. Nawaomba wazazi walishike hili: mtoto wa namna hii hakulogwa, wala mama yake hakumlisha pipi nyingi.

Babu wa miaka 60 mwenye kitambi ni habari nyingine. Yeye mpiga hodi anaye, tena pengine kuliko kawaida. Nyumba ndizo zimekuwa nzito wa kusikia. Mafuta yaliyojazana tumboni na kwenye ini yanavuruga ile habari inayotoka kwa kipokezi kwenda ndani, na kongosho linalazimika kupaza sauti mwaka hadi mwaka mpaka linachoka. Huyu kupunguza chakula na uzito kunamsaidia kweli, na vidonge vya metformini vinalituliza ini. Kuna jambo jingine linalonifurahisha sana kulieleza, nalo ni kwamba msuli unaofanya kazi hufungua milango yake ya sukari hata bila hodi ya insulini. Mzee mmoja nilipomwambia hivyo alicheka, akasema, "Kumbe sista, jembe nililomwachia mwanangu lilikuwa dawa." Akalirudia. Hata huyu siku moja anaweza kuhitaji sindano, kongosho likichoka kabisa, na kufikia sindano si hukumu ya kifo kama watu wanavyonong'onezana kwenye foleni.

Sasa chukua ushauri wa babu umpe mtoto. Kabla ya insulini, madaktari hodari wa Ulaya na Marekani waliwatibu watoto wa namna hii kwa kuwanyima chakula; walikonda kama vijiti na mwisho walikufa. Mgonjwa wa kwanza kufaidika na insulini, kijana Leonard Thompson wa miaka 14, alichomwa sindano Toronto mwezi Januari 1922, naye aliishi miaka mingine 13. Sisi tukiwa na chupa ya insulini mezani tulimrudisha binti yule kwenye tiba ya kabla ya 1922 kwa sababu ya kuhubiri mahubiri mamoja kwa benchi zima.

Kwa hiyo rai yangu kwa wenzangu wauguzi na waganga ni kwamba benchi ligawanywe. Wanaoishi kwa sindano wafundishwe peke yao, na ugonjwa wao uitwe kwa jina lao, ugonjwa wa kukosa insulini. Wengine watasema wanakijiji hawawezi kuelewa mambo ya vipokezi. Mimi nasema atakayeshindwa kuelewa maana ya hodi bado sijakutana naye.

Faida yake haiishii kwenye sukari. Wengi wenu mnatumia vidonge vya moyo na presha kama propranololi au atenololi. Vidonge hivi vimetokana na kazi ya James Black wa Uskoti, aliyepata Nobel mwaka 1988. Vinakaa kwenye kipokezi cha moyo ili adrenalini ikipiga hodi ikute mlango umezibwa, na moyo upumzike. Lakini moyo nao ni mjanja: ukizibiwa milango kwa muda mrefu unaongeza mingine. Mgonjwa akijisikia nafuu akaacha vidonge ghafla, milango yote inabaki wazi, moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, na mwenye mishipa mibovu ya moyo anaweza kupata shambulio. Ni lazima vipunguzwe polepole na mganga. Tena mwenye kuchoma insulini na kumeza vidonge hivi ajue kwamba sukari ikishuka mno huenda asisikie moyo kudunda wala mikono kutetemeka. Jasho litamtoka bado. Akiona jasho la ghafla, asisubiri dalili nyingine, anywe kitu chenye sukari.

Nasikia wengi wakiuliza juu ya dawa mpya za sindano, kama semaglutide, zinazopunguza sukari na uzito kwa kugonga kipokezi kingine. Ni dawa nzuri, na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza baadhi yake kwenye orodha ya dawa muhimu. Sizipingi. Ila naona uchungu tunapozizungumza sana hizo huku insulini, ambayo wagunduzi wake waliuza hataza yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola 1 kila mmoja, ikikosekana kwenye dirisha la dawa. Anayebeba mtoto mgongoni kilomita kadhaa anastahili kuikuta.

Wazazi wenye watoto wa sindano, mtoto akipata malaria au kuhara na kushindwa kula, insulini isikatwe. Mpeni maji mara kwa mara, pimeni sukari kama mna kipimo, na mleteni siku hiyo hiyo. Kama dozi ni ya kubadilishwa tutaibadilisha sisi. Akianza kutapika au kuhema kwa kina, msingoje asubuhi. Njooni usiku, na chupa ya insulini mje nayo.