MIKE WA KIBANDANI NAYE NI SHUJAA

Wahenga walinena kwamba mgala muue na haki yake umpe. Leo nashika kalamu kudai haki ya mtu mmoja ambaye wenzangu wengi chamani wamemnyima. Mtu mwenyewe si jirani wala mwanafunzi mwenzetu. Ni mhusika wa filamu, na jina lake ni Mike.

Filamu yenyewe ni Supa Modo. Iliongozwa na Mkenya Likarion Wainaina, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin, Ujerumani, mwezi wa Februari 2018. Mwaka uo huo Kenya iliichagua iiwakilishe katika tuzo za Oscar kule Marekani. Haichoshi, kwani ni ya dakika 74 tu. Kicheko kimo tele, lakini ukienda kuitazama, beba na leso.

Kwa wale ambao hawajaiona, wahusika wakuu ni wanne. Wa kwanza ni Jo, msichana wa miaka 9 anayeugua maradhi yasiyo na tiba. Aliyemwigiza ni Stycie Waweru. Jo ni mlevi wa sinema kupindukia: mashujaa wanaoruka angani na mabingwa wa kung fu ndio usingizi wake na ndio uji wake. Wa pili ni Kathryn, mama yake, aliyeigizwa na Marrianne Nungo. Huyu anamtoa mtoto hospitalini na kumrudisha kijijini Maweni ili amalizie siku zake nyumbani. Wa tatu ni Mwix, dada mkubwa, ambaye Nyawara Ndambia alimwigiza. Mwix hataki mdogo wake afungiwe ndani akingoja kufa, kwa hivyo anamfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Wa nne ndiye Mike wetu, aliyeigizwa na Johnson Gitau Chege. Kazi yake ni kuwaonyesha wanakijiji sinema huku akizisimulia kwa mdomo papo hapo, na chumvi anaitia bila kupima. Mwishowe kijiji kizima kinajitosa kutengeneza filamu ambayo shujaa wake ni Jo.

Tulipoijadili filamu hii chamani palizuka maneno. Kundi moja lilisema Mwix ni mwongo aliyemdanganya mgonjwa. Kundi la pili lilisema Mike ni mzururaji tu, tena ati watu wa aina yake ndio wanaoharibu Kiswahili na wanafunzi. Mimi nazipinga rai zote mbili, na sababu ninazo.

Kwanza, Mwix. Ni kweli kwamba Jo hakuwa na nguvu za kusogeza vitu kwa macho. Lakini tazameni mambo yanakoishia. Filamu ya Maweni haikuwa uongo hata kidogo. Watu walijitolea kweli, wakavaa kweli, wakaigiza kweli, na Jo akawa mwigizaji mkuu kweli. Aliyeota kuwa shujaa wa sinema akawa shujaa wa sinema. Hapo uongo uko wapi? Mama Kathryn nami simlaumu, kwa sababu uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alitaka kumlinda. Ila kuna ulinzi unaomnyima mtoto hata siku chache alizobakishiwa, na Mwix aliliona hilo mapema.

Pili, na hapa ndipo penye kidonda, Mike. Wanafunzi wenzangu wa Kidato cha Tatu, hebu tujiulize. Darasani tunafundishwa kwamba katika fasihi simulizi kuna fanani na kuna hadhira. Fanani hubadilisha sauti, huigiza, hutania na huongeza utamu kulingana na hadhira iliyo mbele yake. Tunakariri hayo yote tuyaandike kwenye mtihani. Kisha jioni sisi wa kutwa tukipita karibu na kibanda cha video na kusikia jamaa akisimulia filamu ya Kichina kwa Kiswahili, watu wakivunjika mbavu, tunaambiwa huo ni upuuzi! Je, huyo si fanani? Alipoketi bibi karibu na meko akasema "Paukwa", leo ameketi kijana karibu na televisheni. Chombo ndicho kilichobadilika, kazi ni ile ile. DJ Afro amejipatia jina nchini Kenya kwa ufundi huu huu. Wamarekani na Wahindi wote huongea Kiswahili wakipita mdomoni mwake, na mtu asiyejua neno la Kiingereza hacheki nyuma ya wenzake.

Wapo watakaouliza, msimulizi amezaa matunda gani? Twendeni hapo jirani, Uganda. Katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, filamu ya vita na vichekesho. Bunduki zake zilitengenezwa kwa vyuma chakavu, na majirani ndio waliokuwa waigizaji. Imechekwa duniani kote. Sasa sikilizeni: Nabwana alipokuwa mdogo hakuwa akienda kwenye sinema. Kaka zake ndio waliokwenda, wakirudi humsimulia walichokiona. Masimulizi hayo ndiyo yaliyomtia wazimu wa filamu. Bila msimulizi, mtengenezaji huyu pengine hatungekuwa naye.

Hapa kwetu Kakamega tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Fahali wa Khayega hashindi kwa pembe zake peke yake. Kuna wapiga isukuti, waimbaji na umati unaomsindikiza hadi uwanjani. Jo ni fahali. Mwix, Mike na watu wa Maweni ndio isukuti.

Sisemi kwamba vibanda vyote ni vizuri. Mwanafunzi anayetoroka masomo kwenda kutazama filamu amekosa, na mwenye kibanda anayemruhusu mtoto aone filamu ya watu wazima amekosa zaidi. Msimulizi mwenye ulimi mchafu naye akemewe. Lakini mwalimu mmoja akikosea hatufungi shule zote. Alaumiwe mtu, sanaa iachwe.

Kwa hivyo natoa pendekezo kwa mlezi wa chama na kwa wanachama wote. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Siku hiyo sisi huwa na mashairi na mjadala, na ni vyema. Tuongeze shindano moja: filamu ionyeshwe bila sauti kwa dakika 5, na kila mshindani aisimulie kwa Kiswahili sanifu. Waamuzi wapime ufasaha, methali, ucheshi na adabu. Tutawaona wale wanaonyamaza darasani wakati wa kusoma ufahamu wakiongea kama chemchemi. Miongoni mwao wamo wanaoambiwa kila muhula kwamba Kiswahili hawakiwezi, ilhali wakienda nyumbani jioni huwasimulia wenzao filamu nzima kuanzia mwanzo hadi tamati bila kukwama.

Hao ndio ninaowatetea. Ngoja ngoja huumiza matumbo; tusisubiri mpaka wasifiwe Berlin ndipo nasi tuwapigie makofi.