Wito Haulipi Ada

Ni nadra kuhudhuria msiba wa mwalimu nchini Tanzania usiisikie sentensi hii: marehemu aliuchukulia ualimu kuwa ni wito. Huisema mwakilishi wa mwajiri, huisema diwani, huisema kiongozi wa dini, na waombolezaji hutikisa vichwa kukubali. Mwaka huu nimeisikia ikitamkwa mbele ya jeneza la mwalimu aliyenifundisha kusoma na kuhesabu katika shule ya msingi ya kijiji kimoja mkoani Singida. Simtaji jina, kwa kuwa familia yake si ya watu wapendao kutangazwa. Lakini sentensi yenyewe sitaiacha ipite, maana imekuwa njia yetu ya adabu ya kufuta deni bila kulilipa.

Mwalimu huyu alikuwa zao la Azimio la Musoma la 1974. Nchi ilipoanza kutekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977, walimu hawakutosha, na Serikali ikawachukua maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba. Yeye alisimama mbele ya darasa akiwa na miaka 17. Sehemu ya siku alifundisha; sehemu nyingine alisomea ualimu kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Wako wasomi wa rika langu wanaowakejeli hadi leo "walimu wa UPE", ilhali aliyewashikisha kalamu mara ya kwanza alikuwa mwalimu wa namna hiyo hiyo. Naye hakuridhika na alipoanzia. Akiwa tayari na mke na watoto wawili, alifanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akajiendeleza hadi akawa mwalimu wa Daraja A.

Alitufundisha kugawanya kwa mbegu za alizeti. Somo likiisha, mbegu zilihesabiwa moja baada ya nyingine na kurudishwa koponi, kwa sababu zilikuwa mbegu zake za kupanda. Shamba hilo la alizeti, pamoja na maandazi aliyochoma mkewe kila alfajiri, ndivyo vilivyowasomesha watoto wao watano hadi kumaliza sekondari. Mshahara ulinunua chakula, basi. Jioni alikaa na wanawe kwenye taa ya chemli akisahihisha madaftari yetu na yao kwa pamoja. Mkewe alipougua, alipika, akafua, akawaogesha watoto, na kijiji kikacheka. Asubuhi yake alikuwa shuleni kabla ya kengele.

Wasifu uliosomwa msibani ulidai kwamba aliitanguliza shule mbele ya familia. Si kweli. Aliyapenda yote mawili, na kilichomlazimisha kuyapima katika mizani moja ni sisi, yaani dola na jamii iliyoyataka matunda ya kazi yake kwa bei ya chini. Wasifu huo huo uliruka jambo moja ambalo kila mwalimu aliyekuwapo pale alilikumbuka. Mwishoni mwa Julai 2012, Chama cha Walimu Tanzania kilipoitisha mgomo kudai nyongeza ya mshahara na posho, yeye aligoma. Alikwenda shuleni kwa wakati kama kawaida, akaketi ofisini, hakushika chaki. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ilipoamuru mgomo usitishwe siku chache baadaye, alirudi darasani bila kinyongo na watoto. Hakuona mgongano wowote kati ya kuwapenda wanafunzi na kudai haki ya wanawe. Mgongano huo tumeubuni sisi, ili anayedai aonekane hana wito.

Tuangalie basi jinsi deni linavyozaliwa. Mwaka 2009 alihamishwa kwa barua. Lori la kusomba vyombo alilikodi kwa fedha yake, akaambiwa atarejeshewa. Amefariki akidai. Mwaka 2016, alipokuwa amefikia zamu ya kupanda daraja, ajira mpya na upandishaji wa madaraja vilisitishwa nchi nzima kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Yeye hakuwa hewa. Alikuwa na chaki mkononi. Daraja lake lilikuja mwaka 2019, na mwaka 2020 alistaafu. Pensheni hukokotolewa kwa msingi wa mshahara wa mwishoni mwa utumishi. Kwa hiyo daraja moja lililocheleweshwa lilimnyima jingine ambalo hakulifikia tena, na pengo hilo likamfuata kila mwezi hadi kaburini. Waliomfuata walikutana na kikokotoo kilichoanza Julai 2022, kilichoshusha malipo yao ya mkupuo kutoka asilimia 50 hadi 33. Kelele zao ndizo zilizoifanya Serikali ipandishe hadi asilimia 40 katika bajeti ya 2024/25. Wangekaa kimya kwa jina la wito, wangebaki na 33.

Nitaambiwa kwamba hazina haina mfuko usio na mwisho, na kwamba wako walimu watoro wasiostahili hata wanachopata. Mtoro aadhibiwe, taratibu zipo. Lakini utoro wa mmoja haufuti nauli ya uhamisho ya mwingine. Na kuhusu uhaba, Serikali ilipofuta ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, nami naiunga mkono hatua hiyo, madarasa yalifurika na mzigo wa watoto wale ukamwangukia mwalimu yule yule. Fedha zinapopungua, kwa nini wa kwanza kuombwa uvumilivu awe yeye daima?

Nchi hii ilimwita mwasisi wake Mwalimu. Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, na bado aliiona kazi ile kuwa heshima ya kubeba maisha yake yote. Inasikitisha kwamba neno hilo limebaki tukufu kwa aliyetoka darasani, na limekuwa jina la huruma kwa aliyebaki humo miaka 43.

Wewe afisa utumishi unayesoma haya, mezani kwako yapo majalada ya malimbikizo: yafungue kabla wadai hawajawa marehemu. Wewe mwanaharakati, acha kusubiri tarehe 5 Oktoba, Siku ya Walimu Duniani, ndipo uandike juu ya walimu. Nawe mwanafunzi utakayekuwa afisa kesho, ukitumwa msibani na bahasha ya rambirambi, uliza kwanza ofisini: marehemu alikuwa anatudai kiasi gani? Kisha umpelekee mjane wake fedha hizo pamoja na bahasha.