Kabla ya Kuambiwa Ndivyo Alivyoumbwa

Mwaka 1894 tabibu Mkorea Lee Je-ma alikamilisha kitabu chake Dongui Susebowon, akawagawa wanadamu katika makundi manne kwa kuangalia kiungo kipi kimezidi na kipi kimepungua. Taeyangin ana mapafu yenye nguvu na ini dhaifu. Taeeumin ni kinyume chake. Soyangin na Soeumin hutofautishwa kwa wengu na figo. Mafundisho hayo yangali hai: Korea Kusini, matabibu wa asili wenye leseni humtazama mgonjwa umbo na tabia, wakamuuliza habari za choo, usingizi na jasho, ndipo waamue dawa. Kwa Taeeumin, kutokwa jasho kwa urahisi huhesabiwa dalili ya afya.

Makala haya yameishika kauli moja tu, kwamba mapafu ya Taeeumin ni dhaifu. Kauli hiyo inapimika.

Kipimo chenyewe kinajulikana tangu Mwingereza John Hutchinson aeleze spirometa yake mwaka 1846. Mgonjwa hubanwa pua, huuma mrija na kuufumba kwa midomo, huvuta pumzi mpaka kifua kijae, kisha hupuliza kwa nguvu zake zote huku mpimaji akimhimiza, “Endelea, endelea!” Wengine huishia kukohoa, wakaanza upya. Mashine huonyesha hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza, na hewa yote kwa jumla.

Shida iko hapa. Lee mwenyewe alimweleza Taeeumin kuwa mtu aliyejaa kiunoni, na tafiti za Korea humkuta na uzito mkubwa kuliko wenzake. Mafuta ya tumbo hukisukuma kiwambo juu, mapafu yakakosa nafasi ya kutanuka. Basi akipuliza hewa kidogo, ni maumbile au ni kilo? Utafiti usiolinganisha watu wa jinsia, umri, urefu na uzito uleule haujamjaribu Lee hata kidogo.

Na kosa la namna hii limewahi kuumiza watu. Katikati ya karne ya 19, daktari Mmarekani Samuel Cartwright, mtetezi wa utumwa, aliitumia spirometa kudai kwamba mapafu ya Weusi ni duni kwa asili. Baadaye mashine nyingi zikawekewa kiwango cha chini kwa mgonjwa Mweusi, hata ugonjwa wake ukaonekana hali ya kawaida. Ni mwaka 2023 tu ndipo chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilipopendekeza utaratibu huo uachwe.

Kwa hiyo Taeeumin anayehema akipanda ngazi apimwe pumu, aulizwe kuhusu sigara na moshi wa kazini, kabla ya kuambiwa ndivyo alivyoumbwa.