Kinjeketile Aigizwe Kabla ya Kuhakikiwa
Mwulize mwanafunzi sifa za Kinjeketile katika tamthilia ya Ebrahim Hussein (1969). Atajibu upesi: jasiri, mzalendo. Amezikariri kutoka kwenye miongozo, nayo hufanana kama shilingi kwa ya pili. Sasa mpe onyesho la mwisho aliigize. Kitunda anamtaka Kinjeketile akane nguvu za maji. Anakataa, ilhali yeye mwenyewe aliingiwa na shaka kabla ya vita. Mwigizaji hana budi kuamua: anakataa kwa imani, au kwa kuhofia kwamba watoto wao wataambiwa kupigania nchi kulikuwa kosa? Hapo neno “jasiri” halitoshi. Kisha abadilishane nafasi na aliyeigiza Kitunda, ndipo waandike uhakiki. Walimu watalalamika kuwa vipindi ni haba. Vile vinavyopotea kwa kunakili sifa ubaoni, kwa maoni yangu, vyatosha kabisa.