Ndege isiruke kwa sababu mkuu ana haraka

Kila ndege ndogo inapoanguka katika kanda yetu hii, mambo hufuatana kwa utaratibu tuliokwisha kuuzoea. Kwanza inatolewa taarifa kwamba hali ya hewa ilikuwa mbaya. Bendera zinapepea nusu mlingoti, rambirambi zinamiminika, tume inaundwa. Baada ya wiki mbili tatu mazungumzo yanahamia kwa nani atakayerithi kiti cha marehemu, na ripoti ya tume, ikibahatika kutoka, inatukuta tumekwisha kusahau swali lenyewe.

Na swali lenyewe ni hili: kama hali ya hewa ilikuwa mbaya, ndege ile ilikuwa inatafuta nini huko?

Nauliza hivyo kwa sababu mvua, ukungu na giza si wageni kwetu. Masika na vuli tunavijua. Milima yetu haijahama. Jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima, na huku karibu na Ikweta giza halibishi hodi, likianza kuingia halichukui hata nusu saa. Jambo linalojulikana namna hiyo haliwezi kuitwa ajali pekee. Ndani yake pana uamuzi wa binadamu, na uamuzi ndio ninaotaka tuuzungumzie leo.

Tuanze na msiba ambao wengi wetu tunaukumbuka. Jumamosi ya tarehe 30 Julai 2005, Dk. John Garang aliondoka Uganda, alikokwenda kuonana na Rais Yoweri Museveni huko Rwakitura. Alikuwa na wiki tatu tu tangu aapishwe kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan, baada ya vita vya zaidi ya miaka 20 na mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi Januari mwaka ule. Alipanda helikopta ya Rais wa Uganda, aina ya Mi-172, akielekea New Site, kusini mwa Sudan. Iliruka kutoka Entebbe jua likielekea kuzama. Safari yenyewe kwa helikopta ni zaidi ya saa mbili. Kwa hesabu ya mtoto wa shule, walitarajiwa kutua gizani, mahali penye milima, katika msimu wa mvua.

Taarifa za mwanzo za Serikali ya Uganda zilisema kuwa marubani walijaribu kutua, wakashindwa kwa sababu ya hali ya hewa, wakageuza kurudi kusini. Hawakufika. Chombo kiligonga mlima karibu na mpaka wa Uganda na Sudan. Watu wote 14 walikufa: Dk. Garang, wenzake sita na Waganda saba waliokuwa wakiendesha na kuhudumia helikopta ile. Habari zilipofika Khartoum na Juba, watu makumi kadhaa walikufa katika ghasia. Amani iliyotafutwa kwa miongo miwili ilibaki ikining'inia kwa uzi. Tume ya pamoja ya uchunguzi ilisema mwaka uliofuata kuwa haikuwa hujuma, bali kosa la rubani.

Hapo "kosa la rubani" ndipo wengi hufunga jalada. Mimi naona ndipo linapopaswa kufunguliwa.

Wataalamu wa anga wana aina ya ajali wanayoiogopa kuliko nyingi. Ndege ni nzima. Injini zinanguruma sawasawa. Rubani ana akili timamu na usukani uko mikononi mwake. Kisha anaipeleka ndege hiyo nzima moja kwa moja kwenye mlima, au ziwani, au ardhini kabla ya kufika uwanjani, kwa kuwa haoni na hajui yuko chini kiasi gani. Wengine ndani ya ndege huwa hawana hata nafasi ya kuogopa.

Usiku na mvua ndivyo vinavyozaa ajali hizo. Ndani ya wingu mwili wa binadamu humdanganya mwenye mwili. Sikio la ndani, linalotusaidia kusimama wima, humwambia rubani kuwa ndege imenyooka kumbe inainama. Ndiyo maana anafundishwa kuamini saa na vipimo vilivyo mbele yake, asiamini anavyojisikia. Upo na udanganyifu wa pili, nao unatuhusu sana sisi wenye viwanja vilivyo kando ya maziwa. Usiku, rubani akija juu ya maji au msitu usio na taa hata moja, huku mbele yake zinang'aa taa za uwanja tu, hujiona yuko juu kuliko alivyo. Anashusha ndege. Anaendelea kushusha. Anapogundua, maji yameshamfikia.

Dawa ya udanganyifu huo inajulikana. Pembeni mwa njia ya kutulia huwekwa taa nne. Rubani akiona mbili nyeupe na mbili nyekundu, yuko sawa. Akiona zote nne nyekundu, yuko chini mno, apande haraka. Kuna pia kimo maalumu ambacho rubani akikifikia bila kuuona uwanja haruhusiwi kushuka hata futi moja zaidi. Anatia nguvu injini, anapanda, anakwenda zake. Hakuna majadiliano. Sheria hiyo imeandikwa kwa maisha ya watu.

Sasa tutazame tulivyoiheshimu. Aprili 10, 2006, miezi tisa hata haijatimia tangu kifo cha Garang, ndege ndogo ya Jeshi la Anga la Kenya aina ya Y-12 iligonga kilima ikikaribia kutua Marsabit katika ukungu. Watu 14 walikufa, wakiwamo wabunge watano na kiongozi wa dini, waliokuwa wakienda kupatanisha jamii zilizokuwa zikiuana. Septemba 1, 2008, ndege ndogo ya watoa misaada aina ya Beechcraft 1900, ikitoka Kisangani kwenda Bukavu katika hali mbaya ya hewa, iligonga mlima ikikaribia kufika. Wote 17 walikufa. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliingia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba wakati wa hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43, walikufa 19, na waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Halafu ikaja Juni 10, 2024. Makamu wa Rais wa Malawi, Saulos Chilima, aliondoka Lilongwe asubuhi kwa ndege ya jeshi aina ya Dornier 228 kwenda Mzuzu kuhudhuria mazishi. Ilishindwa kutua kwa kuwa uwanja hauonekani, ikageuza kurudi, ikaangukia msitu wa Chikangawa. Walikufa wote tisa. Wachunguzi kutoka Ujerumani walieleza kuwa ndege ile haikuwa na vinasa mwenendo wala sauti, na kwamba betri ya kifaa cha kutoa ishara baada ya ajali ilikuwa imepitwa na muda wake tangu 2004. Miaka 20! Watu walitembea msituni usiku kucha kuitafuta ndege ambayo ingepaswa kujitangaza yenyewe ilipo.

Msomaji makini ataona kitu. Garang na Chilima, miaka 19 kati yao, wote ndege zao ziligeuza. Marubani wao hawakung'ang'ania kutua hadi mwisho. Walirudi, na bado walikufa. Kwa hiyo haitoshi kusema rubani ajue kurudi. Kurudi kuna wakati wake. Ukishaingia katikati ya milima chini ya mawingu, kugeuza nako ni hatari kama kuendelea. Wakati salama wa kurudi ni pale ambapo bado hujaondoka.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Angani methali hiyo imegeuka. Huko, anayesikia la mkuu ndiye anayevunjika, tena na mkuu mwenyewe.

Sisemi kwamba waheshimiwa hao walitoa amri. Mkuu wa nchi zetu hahitaji kutoa amri. Inatosha kwamba watu wamekaa uwanjani tangu asubuhi wakimsubiri, ngoma zimewambwa, mkuu wa mkoa amevaa suti, maiti iko nyumbani inasubiri kuzikwa. Inatosha msaidizi wake atazame saa mbele ya rubani. Nahodha mwenye cheo cha meja au luteni kanali, ambaye kupandishwa kwake kunategemea ofisi ya huyo aliyekaa nyuma, atasimama wapi aseme, "Mheshimiwa, leo hatuendi"? Na yule wa ndege ya biashara naye ana mkuu wake, ratiba. Akirudi, abiria watalalamika, mafuta yatahesabiwa, mwenye kampuni atauliza mbona fulani alitua.

Wapo watakaosema nchi zetu ni maskini, taa na mitambo ni gharama, kwa hiyo tusijifananishe na Ulaya. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Mitambo ya zamani ya kuongoza ndege kutua ni ghali kweli. Lakini siku hizi njia ya kushukia inaweza kupangwa kwa kutumia setilaiti, bila kujenga mtambo mkubwa ardhini. Kinachotakiwa ni vipimo sahihi vya milima inayozunguka uwanja, vifaa ndani ya ndege, na marubani waliofundishwa. Na kusema "leo haturuki" hakuhitaji mkopo wa benki yoyote. Ni bure kabisa. Umaskini ndio unaotutaka tuwe waangalifu zaidi, maana tajiri ana helikopta za uokozi na sisi tuna mitumbwi ya wavuvi.

Wapo pia watakaosema kiongozi ana dharura zake, nchi haiwezi kusimama kwa ajili ya wingu. Nawajibu: Sudan ilisimama. Malawi ilisimama. Kungoja hadi asubuhi kungegharimu usiku mmoja. Kawia ufike.

Mambo matatu yafanyike. La kwanza, uamuzi wa kuruka au kutoruka kwa ndege za viongozi uwe wa rubani pekee kwa sheria iliyoandikwa, akiwa na taarifa ya hali ya hewa ya anakokwenda, si ya anakotoka. Ofisi ya kiongozi isiwe na ruhusa ya kumpigia simu kuhusu hilo. Rubani akikataa, asihojiwe na asihamishwe. Na kila safari ya ndege ndogo iwe na mpango wa pili, gari liwe tayari au hotuba isomwe na mwingine.

La pili, kiwanja kisicho na taa, kipimo cha hali ya hewa na njia ya kushukia iliyopimwa kifungwe kabla jua halijazama, na atakayetua baada ya hapo ashtakiwe hata kama ametua salama. Kutua salama kwa bahati ndiko kunakomfundisha mwingine kujaribu kesho.

La tatu, ripoti zitolewe. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka ripoti ya awali ndani ya siku 30 na ya mwisho, ikiwezekana, ndani ya miezi 12. Lakini Mkataba wa Chicago wa 1944 unahusu ndege za kiraia. Ndege za jeshi, forodha na polisi haziguswi. Sasa kumbuka ilikuwa ni ndege za nani zilizoanguka Marsabit na Chikangawa. Huo mwanya ndimo ukweli wetu mwingi unamopotelea. Mabunge yetu yanaweza kuuziba kwa sheria ya ukurasa mmoja: ndege yoyote iliyonunuliwa kwa kodi ya wananchi ikiua watu, wananchi wasomeshwe ripoti.

Serikali zinazoogopa maswali hazisaidii hapa. Agosti 2005 redio ya KFM mjini Kampala ilifungwa, na mtangazaji wake Andrew Mwenda akafunguliwa mashtaka ya uchochezi, baada ya kuikosoa serikali hewani kuhusu ile helikopta ya Garang. Mwaka 2010 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliifuta sheria hiyo ya uchochezi. Lakini somo lilikuwa limeshaingia katika vyumba vya habari: ajali ya mkubwa isiulizwe. Isipoulizwa haifundishi. Na isipofundisha inarudi, kama tulivyoona Marsabit kabla mwaka haujaisha.

Tunapowazika watu hawa husemwa kuwa ni mapenzi ya Mungu. Sibishani na imani ya mtu. Lakini Mungu huyo huyo ndiye aliyetupa macho ya kuona wingu, na hesabu ya kujua kwamba chombo kinachoondoka jioni kitafika usiku. Wale Waganda saba waliokufa na Garang walikuwa na watoto pia, ingawa majina yao hayakuimbwa kwenye redio. Wao hawakuwa na mkutano wa kuwahi. Walikuwa kazini, na kazi yao ilihitaji mtu mmoja tu wa kuwalinda: yule atakayeheshimu neno la rubani anaposema, tulale hapa, tutaondoka kesho.