Roadster ya 1.5 ama 2.0? Nina Deni la Ukweli Kwenu

Wasee, kuna video niliweka nikisema Mazda Roadster ya 1.5 inatosha safari yoyote ndefu hapa Kenya. Juzi kijana mmoja akanitumia ujumbe. Amedunduliza miaka mitatu, anataka kuagiza moja kutoka Japani, na ameshaamua ni 1.5 kwa sababu "wewe ulisema." Anaishi Nairobi, lakini kwao ni Kitale na kila mwezi lazima aende kuona mamake. Hiyo usiku sikulala vizuri. Wacha niwaambie kwa nini.

Ile gari si yangu, ni ya beshte yangu. Mara ya kwanza tulienda nayo Mombasa, ikawa tamu ajabu. Paa tulifungua tukikaribia Voi jua likishuka, gari nyepesi, haina presha. Mwezi uliofuata tukapanda Eldoret, watu wawili na mabegi. Tumepita Salgaa, tunapanda kuelekea Mau Summit, mbele yetu trela inajikokota. Nikaona mwanya, nikatoka nikiwa gia ya nne, nikakanyaga mafuta. Wapi! Injini inalia tu, gari haisongi. Basi likachomoza kwa juu. Nikashika breki, nikarudi nyuma ya trela mikono ikitetemeka. Beshte yangu hakusema neno mpaka Timboroa. Hapo akasema, "Buda, karibu utuzike."

Hiyo sehemu nilikata. Video ikatoka na muziki na machweo, nikawaambia 1.5 inatosha. Niliacha kampasi mwaka wa pili ili nifanye hii kazi, na kitu ya pekee niko nayo ya kuuza ni kuaminika. Kwa hivyo leo nalipa deni.

Kosa la kwanza ni langu. Injini ya 1.5 ya Roadster hii mpya, ND, haina tabo. Nguvu zake, 131 kwa zile za mwanzo, zinapatikana juu kabisa, mizunguko 7,000 kwa dakika. Ukitaka kupita lori, unateremsha gia hadi ya tatu, hata ya pili, kabla ya kutoka kwenye laini yako. Ukitoka na ya nne mlimani, umeamua kusali.

Lakini kuna kosa la pili, na hili hutalisikia kwa wale wanaojaribu magari Uingereza na Japani, kwa sababu wengi wao huendesha karibu na usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupumua hewa ya mahali ilipo. Kila ukipanda mita 1,000, inapoteza takriban asilimia 10 ya nguvu. Mombasa uko na zote 131. Nairobi, mita 1,700 na kitu, umebaki na kama 109. Timboroa, karibu mita 2,700, uko na kama 96. Sasa chukua 2.0 yenye nguvu 184 uipeleke hapo hapo Timboroa: inabaki na kama 134. Yaani 2.0 ya Timboroa ni sawa na 1.5 ya Mombasa! Kwa hivyo ukiuliza "injini gani ni nzuri kwa safari ndefu," mimi nitakuuliza kwanza, safari ya kwenda wapi?

Na usidhani ni mambo ya kujigamba na spidi. Hizi injini zote mbili zinafika spidi ya mwisho inayokubaliwa na sheria bila jasho. Shida ni ule muda unakaa upande usio wako. Wewe ukiwa 80 na basi linalokuja likiwa 80, mnakaribiana kwa mita 44 kila sekunde. Injini ikikuchelewesha sekunde mbili tu, hizo ni karibu mita 90 zimeenda. Mita 90 ndizo zilinikosa pale juu ya Salgaa.

Sasa pesa. Wengi wanaogopa 2.0 kwa sababu ya mafuta. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Tuseme 1.5 inakupa kilomita 15 kwa lita na 2.0 inakupa 14. Tofauti ni lita mbili na kidogo. Hiyo ni pesa ya chai na mandazi za mkiwa wengi, haiwezi kukufilisi. Tofauti kubwa iko bandarini. Injini isiyozidi 1500cc inatozwa ushuru wa bidhaa asilimia 20, ikizidi hapo ni 25. Gari ya kuthaminiwa milioni moja, ukiweka ushuru wa forodha wa asilimia 35 na VAT ya 16, hiyo asilimia tano inakuwa kama shilingi 78,000. Na 2.0 yenyewe huanza na bei ya juu huko Japani.

Tena kule Japani kuchagua injini ni kuchagua paa. Roadster za paa la kitambaa kwa kawaida ni 1.5; 2.0 iko kwa RF, ile ya paa gumu linalojikunja. Angalia pia mwaka: RF za kabla ya katikati ya 2018 zina nguvu 158, si 184. Na yoyote utakayochukua haina gurudumu la akiba, ni kopo la dawa ya kuziba na pampu ndogo. Jipange, haswa ukipita Tsavo usiku.

Msimamo wangu basi ni huu. Kama safari zako ni Mombasa, Namanga, Naivasha ya wikendi, chukua 1.5, hizo pesa zingine weka matairi mazuri. Kama kila mwezi unapanda Mau Summit na mtu kando yako, tafuta 2.0, na kama haifikiki, ngoja uongeze akiba. Na kama lazima iwe 1.5 huko juu, basi kubali kukaa nyuma ya trela kilomita kumi bila kukasirika. Gari ya kufungua paa si ya kuwahi, ni ya kufurahia njia.

Yule kijana nimemwambia hivyo hivyo. Hakufurahia, amesema nimemvurugia mipango. Sawa tu. Mamake atamwona mwezi ujao kwa matatu, na mwezi mwingine, na mwingine. Na ile sehemu niliyokata nimeirudisha kwa video, na basi likionekana.